Divai Yetu Kavu Haikutoka Ulaya

Wiki iliyopita nilipita hapo Mushasha, kwenye nyumba ya watawa ya Gitega, kuwasalimu ninyi vijana wa divai, nikawakuta mnawatembeza wageni. Sikutaka kuwakatiza, nikakaa kwenye benchi na mkoba wangu mapajani. Nikamsikia mmoja wenu, kijana mwenye sauti nzuri kweli, akieleza kwamba divai yetu nyeupe kavu ni ujuzi wa kale ulioletwa kutoka Ulaya, na kwamba ladha yake ilipangwa tangu mwanzo. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Wanangu, hakuna aliyepanga. Divai ile ilizaliwa kwa woga, na sehemu kubwa ya woga huo ilikuwa yangu.

Wengi wenu mnanijua kama Mama Konso, yule mama aliyekuwa akinusa mapipa. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa ngazi za kave, nimerudi kukaa Butihinda. Kave ni kile chumba cha chini tunachochachushia divai, jina la Kifaransa tu hilo, msilichanganye na "kavu." Yuko mgeni aliyewahi kuchanganya, akaandika huko kwao kwamba Warundi wana divai inayoitwa kwa jina la shimo.

Nilizaliwa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Burundi na watoto mgongoni. Nilipokuwa msichana baba alipata kibarua Dodoma kwenye mashamba ya zabibu, akanichukua. Huko nilijifunza kupogoa chini ya mama mmoja mkali aliyekuwa akinigonga vidole kwa kijiti kila nilipokata karibu mno na jicho. Jicho ni kile kichipukizi kidogo kwenye tawi. Ukikata karibu, linakauka. Ukikata mbali, unaacha kisiki cha kuoza. Hadi leo nikishika mkasi vidole vyangu vinasubiri kijiti.

Tuliporudi nyumbani, watu kwenye lori walibeba mabati, baiskeli, hata milango na fremu zake. Mimi nilibeba gunia bichi lililojaa vijiti vya mzabibu. Jirani yangu Mzee Bukuru, mrejeaji kama mimi, aliinua ncha ya gunia akachungulia.

"Mama Konso, kwani Burundi kuni zimekwisha?"

Lori zima likacheka. Lakini vijiti vile vilishika. Upande wa Muyinga, hasa kwetu karibu na mpaka, kiangazi ni kikavu na kirefu, na mzabibu unapenda hivyo. Gitega ni juu, baridi na ukungu. Mushasha waliwahi kupanda mizabibu nyuma ya kanisa, ikapata ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani, ikafa mmoja baada ya mwingine. Aliyeipanda alikuwa bruda, au Furera kama tunavyosema, Furera Anselmi, mzaliwa wa Giheta hapo karibu, mwembamba, mwenye pua ndefu ambayo yeye mwenyewe aliita chombo cha kazi. Aliposikia kwamba Butihinda kuna mama ana zabibu zenye afya, alikuja kwa pikipiki ya kukodi, akafika mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, akachuma punje moja, akaitafuna na mbegu zake, akafumba macho.

"Mama," akasema, "hizi usizile. Nipe mimi."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Kiangazi nilikuwa shambani, zabibu zikivunwa nilikwenda nazo Gitega kukamua na kuchachusha. Furera alinifundisha yote ya kave, naye alifundisha kama wanavyofundisha watu wa Giheta: anakwambia mara moja, halafu anakaa kimya akungoje ukosee.

Alikuwa na ndoto ya divai kavu. Nilipowaeleza wenzangu wa Butihinda kwamba Furera anataka divai nyeupe kavu, Mzee Bukuru aliuliza kwa dhati kabisa kama itakuwa unga, na kama mnunuzi ataikoroga kwa maji ya moto au baridi. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi. Hamira ni kidudu hai. Ukimweka katika maji ya zabibu anakula sukari, na akishiba anaacha pombe na hewa. Akila sukari yote hadi ya mwisho, ulimi hauoni tamu tena. Hiyo ndiyo kavu. Ukimkatiza katikati, sukari inabaki, hiyo ndiyo tamu.

"Sasa kwa nini mtu aache kidudu amalize sukari yake?" Mzee Bukuru akauliza.

Kwa miaka tuliuza tamu, watu waliitaka tamu, na kwa harusi ilikwenda vizuri. Jibu nilikuja kulipata siku moja baada ya chakula cha mchana, wakati nyumba yote imetulia. Tulikuwa tumejaza chupa divai tamu ambayo hamira yake ilikuwa haijafa vizuri. Ghafla tukasikia paa! Halafu paa, paa! Ninyi mmezaliwa baada ya vita, hamjui mwili wa mtu wa rika letu unafanya nini ukisikia sauti ile. Sote tulikuwa sakafuni kabla ya kufikiri. Mpishi alikuwa chini ya meza, mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya mchele nikimtaja Bikira Maria. Kisha harufu ikaja, harufu tamu ya zabibu, ikipanda ngazi. Furera Anselmi akasimama taratibu, akajipangusa vumbi magotini.

"Ni sukari," akasema. "Vidudu vimeamka ndani ya chupa."

Tulicheka, tukashuka kuokota vipande vya chupa. Tangu siku hiyo chupa yenye sukari ndani naiona kama kitu kinachoningoja.

Basi, ile divai mnayoionyesha wageni. Ni ya miaka hii hii ya foleni za mafuta, si habari ya kale.

Wakati huo nilikuwa nimewashawishi majirani wengi kupanda mizabibu. Si jambo dogo. Mzee Bukuru alikuwa amekata nusu ya migomba yake, migomba ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi, aliyoirithi, kwa sababu mimi nilimwambia. Mke wake aliacha kunisalimu kwa muda. Kila nikipita njia ile niliona visiki vya migomba na mizabibu midogo iliyosimama kama watoto wageni, nikaongeza mwendo. Mwaka ule ndio ungekuwa wa mavuno yao ya kwanza ya maana.

Zabibu zetu tunapogoa mvua za masika zinapokwisha, ili ziive mwisho wa kiangazi, kabla ya umuhindo, zile mvua za kwanza. Hapo katikati pana dirisha dogo. Ukivuna mapema zinakuwa chachu. Ukichelewa mvua inanyesha, punje zinakunywa maji, zinapasuka, nyigu wanakuja, uozo unaingia. Mwaka ule mawingu yalianza kukusanyika upande wa Tanzania kabla ya wakati wake. Kila asubuhi nilitoka nje kabla ya kunawa uso, natazama.

Furera akanipigia simu. "Tafuna mbegu, Konsolata. Niambie."

Hii ishikeni hata kama mna vipimo. Mbegu ikiwa ya kijani na chungu, bado. Ikiwa ya kahawia na inavunjika mdomoni kama karanga iliyokaangwa, tayari. Nikatafuna.

"Nusu kwa nusu, Furera."

"Na mawingu?"

"Yanakuja."

"Mungu wangu. Na gari?"

Gari ndilo lilikuwa tatizo kubwa kuliko mawingu. Zabibu zetu zilibebwa na Shabani, mwenye kamyoneti, kigari cha mizigo, mzaliwa wa Gitega mjini, Mwislamu wa familia ya mafundi na wachuuzi. Alikuwa na msimamo wake ambao sote tuliuheshimu: zabibu ni tunda, Mungu ameliumba, analibeba. Divai habebi hata chupa moja, na ndani ya kave hakuwahi kukanyaga. Alikuwa akishusha kreti mlangoni na kugeuka. Siku zile Shabani alikuwa kwenye foleni ya mazutu, yaani dizeli, pale Gitega, analala ndani ya gari.

"Mama Konso," alinipigia, "mi niko kwa ligne mupaka leo. Mazutu haiko. Banasema itakuja kesho, na jana balisema kesho."

"Nichume au nisichume, Shabani?"

"We usichume! Ukichuma na mi sifike, utafanya nini na vitu mingi hivyo?"

Alisema kweli. Zabibu iliyokatwa haingoji. Ikikaa kwenye kreti juani inapata joto, inaanza kuchacha yenyewe vibaya, na mwisho unapata siki. Lakini mawingu nayo hayakungoja. Nilikuwa kati ya viwili hivyo, na watu wote wa kilima wakinitazama mimi. Wanawake walikuja na mikasi mikononi, wanakaa ukingoni mwa shamba, wanaondoka.

Simu ikaja mapema asubuhi. Shabani alikuwa anapiga kelele. "Nimepata! Niko njiani, nimefika Karuzi! Kata, Mama Konso, kata!"

Tukakata. Sijawahi kuona watu wakivuna vile. Hakuna wimbo, hakuna utani, mikasi tu. Mzee Bukuru alijaza kreti yake, akachukua punje moja akaiweka mdomoni, akanitazama na mdomo umejikunja.

"Zimeiva?"

"Zimeiva kiasi cha kutosha."

"Cha kutosha nini?"

Nikajifanya nimeitwa upande mwingine.

Shabani alifika, tukapakia, na tulipokuwa tunafunga turubai matone ya kwanza yakaanza kupiga juu yake. Ningefurahi kama ningekuwa mtu wa kufurahi. Badala yake nilipanda pamoja na zabibu nyuma, nikapenyeza mkono katikati ya kreti, na kila baada ya kilima nauhamisha.

"We unatafuta nini huko?" Shabani akaniuliza kupitia kidirisha.

"Natafuta joto."

Zilikuwa baridi, mvua ilitusaidia. Njiani alisimamisha gari, akatandika mkeka wake pembeni ya barabara akaswali, nami nilikaa juu ya kreti nikihesabu mawingu na kujiona mwenye dhambi kwa kumharakisha mtu anayezungumza na Mungu. Aliporudi akaniambia, "Tulia, Mama Konso. Nimekuombea we na zabibu zako."

Tulikamua siku hiyo hiyo. Maji yalitoka ya kijani, machachu hadi meno yakauma. Furera Anselmi akaonja, akaonja tena. Akaweka hamira kwenye mapipa. Kwa kuwa Gitega baridi ilikuwa kali, na hamira akipata baridi analala, akafunga madirisha ya kave na ule mlango wa chini, wa mteremkoni, tuliokuwa tukitolea mapipa kuelekea bustanini. Akaukomea kwa ndani. Aliogopa divai isiamke.

Iliamka kwa fujo. Povu lilipanda hadi kwenye vifuniko.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa sitaki mtu anayecheza na simu. Ile hewa inayotolewa na hamira haina harufu, haina rangi, na ni nzito. Inatulia chini kama maji ndani ya beseni. Katika chumba kilichofungwa inajaa kimya kimya, na mtu akishuka ndani yake anaanguka kabla hajajua kuna kitu. Furera ndiye aliyenifundisha kushuka na mshumaa, mkono umeushusha hadi usawa wa magoti. Mshumaa ukizimika, unageuka. Huulizi kwa nini.

Asubuhi ile nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja kave. Mlango wa juu ulikuwa wazi. Nikawasha mshumaa, nikashuka polepole, nikiita, "Furera? Uko huko?" Kabla sijafika katikati ya ngazi mshumaa ukazimika. Haukupepea, ulizimika tu kama umebanwa na vidole. Na kule chini, karibu na pipa lililokuwa likimwaga povu, nikaona ndala moja peke yake, halafu mguu.

Nadhani alisikia povu likimwagika, akakimbia kuokoa. Mtu aliyenifundisha mshumaa alishuka bila mshumaa. Sijawahi kumlaumu. Alikuwa na mwaka mzima wa watu wa Butihinda ndani ya mapipa yale.

Miguu yangu ilitaka kushuka, wanangu. Alikuwa pale, naweza kumwona. Ukinyoosha mkono unadhani utamfikia. Na nilijua, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, kwamba anayeruka kumfuata aliyeanguka huzikwa naye. Niligeuka. Kumpa kisogo mtu ambaye labda anakufa ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya katika kazi hii, na nililifanya kwa kulia.

Nikatoka uani nikipiga mayowe. Aliyekuwepo ni Shabani, anapakia kreti tupu.

"Furera yuko chini! Ameanguka, Shabani, hewa imemjaa!"

Akatupa kreti, akakimbilia ngazi. Nikamshika shati kwa mikono miwili hadi likachanika. "Usishuke! Utakufa wewe pia! Mlango wa chini! Hewa ni nzito, ikifunguliwa chini itamwagika nje!"

"Umefungwa?"

"Kwa ndani!"

Aliruka ndani ya kamyoneti, akairudisha nyuma kupitia bustani ya mboga, juu ya kabichi za nyumba, hadi mlangoni. Mnyororo wa kuvutia gari ukafungwa kwenye mshikio wa chuma. Nikamwona anafanya ishara ya kuniambia nisogee. Gari likanguruma, magurudumu yakachimba udongo, mlango ukalia, ukagoma, nikasema Mungu wangu na mazutu yakiisha sasa? Halafu ukang'oka wote pamoja na fremu yake.

Hatukuona kitu kikitoka. Hewa ile haionekani. Lakini nilikuwa nimesimama mteremkoni, na nyasi ndefu zilizokuwa mbele ya mlango zikainama kidogo. Tukachukua turubai la gari, yeye pembe moja mimi nyingine, tukapepea kwa nguvu zote kuelekea nje. Nikawasha mshumaa, nikaufunga kwenye ncha ya ufito wa kusimikia maharage, nikauingiza chini kabisa. Ukazimika. Tukapepea tena. Nikaingiza. Ukayumba, ukabaki unawaka.

"Sasa," nikasema.

Shabani alivuta pumzi, akaingia. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mule ndani aliingia akapita kati ya mapipa yanayotoa povu, akamshika Furera makwapa, akamburuta hadi kwenye kabichi. Tukamlaza kwa ubavu. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Nikampiga mgongo, nikamwita, Shabani naye akimwita, "Furera! Furera, weee!" Kisha kifua kikapanda. Akakohoa. Akafumbua macho, akatazama mbingu, akanitazama mimi, na maneno yake ya kwanza yakawa, "Pipa la pembeni linamwagika."

Nilimzaba kofi begani. Bruda mzima, nilimzaba kofi.

Shabani alikaa chini, suruali imelowa povu hadi magotini, shati limechanika. Mmoja wa watawa waliokuja mbio akamwambia, kwa nia njema, "Leo umeingia kave, Shabani." Akajibu bila kuinua kichwa: "Mi nimefwata mutu. Sikufwata pombe."

Furera alipelekwa zahanati, na masista wakamkataza kabisa kushuka ngazi. Kichwa kilimuuma wiki nyingi. Mapipa yakabaki na mimi.

Mnaniuliza divai hii harufu yake ilitoka wapi? Mlango ulikuwa umevunjika na fundi hakupatikana upesi. Niliweka turubai tu pale, kwanza kwa sababu hakukuwa na kitu kingine, pili kwa sababu sikuweza tena kuvumilia mlango uliofungwa. Basi baridi ya Gitega ikaingia kama ilivyotaka. Ile fujo ya mwanzo ikatulia, divai ikachacha polepole, polepole mno, na harufu ambazo joto lingezirusha hewani zikabaki ndani. Sikujua wakati ule. Nilichojua ni kwamba kipimo cha sukari kilikuwa kinashuka kidogo kila siku, halafu siku moja hakikushuka. Wala siku iliyofuata.

Ilikuwa imelala na sukari bado imo.

Nikaenda kwa Furera kitandani na kikombe. Akakinusa, akafumba macho, akanirudishia. "Pua yangu haisemi kitu, Konsolata. Kichwa kinapiga ngoma. Amua wewe."

"Furera, mimi sijawahi kumaliza divai peke yangu."

"Ego, ndiyo. Sasa utamaliza."

Padri mkuu wa nyumba naye, mtu mpole asiyependa kelele, akaniambia niiache hivyo, niongeze hata sukari kidogo kuficha uchachu, tuuze kama zamani. Sikukataa kwa ujuzi. Nilikataa kwa sababu nilizisikia zile chupa zikipasuka, na mimi nyuma ya magunia. Nikamwambia, "Padri, hiyo sitaijaza kwenye chupa. Nitaogopa kila siku hadi nife." Akasema, "Basi fanya unavyoweza."

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua hamira mpya nikaiamsha katika maji vuguvugu na juisi kidogo, nikaizoesha divai taratibu, kikombe kwa kikombe, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Ukiitumbukiza mara moja kwenye pombe na baridi inakufa. Nikaomba mablanketi ya zamani nikayafunga mapipa. Watawa wakanicheka kwamba Mama Konso anayavalisha mapipa kwa ajili ya komunyo. Nikawa naweka sikio kwenye pipa, nasikiliza. Kimya. Kimya. Kisha, asubuhi moja, sauti ndogo kama mvua ya mbali juu ya bati.

Ilikula hadi mwisho. Kipimo kilifika pale Furera alipokuwa akipaota.

Ilipotulia na mashapo yakashuka, nilimpelekea kikombe. Pua ilikuwa imerudi. Alinusa muda mrefu hadi nikataka kukimbia.

"Mapera mabichi," akasema. "Ganda la limau. Na jiwe lililonyeshewa." Akanywa. Akakunja uso, halafu uso ukafunguka. "Kali. Kali vizuri. Haina pa kujificha."

Uchachu ule ni mvua tuliyoikimbia na mbegu zilizokuwa nusu kijani. Miaka iliyofuata tulipopata nafasi ya kungoja ziive kabisa, Furera alitukataza. Alisema tuvune kama siku ile, kama watu wanaokimbizwa.

Lakini mimi nilikuwa bado sijamaliza kuogopa. Lililobaki lilikuwa kuipeleka Butihinda. Shabani hakubeba divai, nami sikumwomba. Nilipanda basi na kapu la chupa nimezifunga kwa kitenge, nimezipakata, na kila shimo barabarani nililipokea mimi badala ya chupa. Masika yalikuwa yanaisha. Kwa Mzee Bukuru walikuwa wamekusanyika wote walioacha migomba na mihogo kwa neno langu, wamekaa kwenye mikeka na madumu yaliyopinduliwa. Mtu mmoja alikuwa ameleta mirija, ile ya kunywea impeke, pombe ya mtama. Nikasema hapana, hii ni ya vikombe.

Nikamimina. Wakanywa. Mama mmoja akatema pembeni kwa adabu. Mwingine akauliza kama imeharibika njiani. Mke wa Mzee Bukuru akanywa, akakitazama kikombe, akamtazama mumewe, na macho yake yakaenda kule kwenye visiki vya migomba.

Mzee Bukuru alikunywa ya kwanza kwa mkupuo, kama urwarwa, akafumba jicho moja. Akanyoosha kikombe. Nikamimina tena, nyingine ikamwagika. Hii akainywa kidogo kidogo, akiitembeza mdomoni. Kisha akasimama, akaingia ndani ya nyumba.

Akatoka na panga.

Nilisimama. Nilidhani anakwenda kuikata mizabibu mbele ya watu wote, na nilijua ana haki, ilikuwa ardhi yake. Akanipita, akashuka hadi kwenye mstari wa kwanza, akashika tawi kwa mkono wa kushoto, akageuka.

"Mama Konso! Unakaa kufanya nini? Mvua zimekwisha. Njoo unionyeshe, ninakata juu ya jicho lipi?"

Nilikimbia mteremko ule na magoti yangu haya haya, nikilia na kucheka, nikipiga kelele, "Si kwa panga, Mzee! Si kwa panga!"